Rangi ya Deraya: Kutoka Ngao ya Scrope hadi Beseni la Britannia

Mwaka 1385, Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza alikusanya jeshi kwenda kuivamia Uskochi. Katika jeshi hilo mashujaa wawili wapanda farasi wakakutana, na kila mmoja akaona kwa mwenzake kitu alichokidhani ni chake peke yake. Sir Richard Scrope wa Bolton alichukua ngao ya buluu iliyokatwa mshazari kwa ukanda wa dhahabu. Sir Robert Grosvenor wa Cheshire naye alichukua ngao ya buluu iliyokatwa mshazari kwa ukanda wa dhahabu. Scrope hakuchomoa upanga, alikwenda mahakamani.

Kesi hiyo ilichukua takriban miaka mitano mbele ya mahakama maalumu iliyohukumu mambo ya vita na heshima, na mashahidi walioitwa walihesabiwa kwa mamia. Miongoni mwao alikuwamo John wa Gaunt, ami yake mfalme. Alikuwamo Owain Glyndŵr, ambaye baadaye angeiongoza Wales katika uasi. Na mwezi wa Oktoba 1386 alisimama Geoffrey Chaucer, mshairi, kutoa ushahidi juu ya rangi. Alieleza kwamba aliwaona akina Scrope wakiwa na alama hiyo huko Ufaransa, mbele ya mji wa Rethel, katika safari ile ile ya vita ambayo yeye mwenyewe alitekwa. Akaongeza kisa kidogo kinachoonesha kwamba mtunzi hubaki mtunzi hata mbele ya hakimu: siku moja, akipita katika mtaa wa Friday Street mjini London, aliiona ngao ya buluu yenye ukanda wa dhahabu imetundikwa nje ya nyumba ya wageni, akauliza kama ndiko walikofikia akina Scrope. Akajibiwa kuwa sivyo, ni alama ya mtu aitwaye Grosvenor. Chaucer akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo.

Mwaka 1389 hukumu ilitoka. Rangi na ukanda ni vya Scrope. Grosvenor aruhusiwe kuvitumia iwapo atazungushia ngao yake pindo la fedha. Grosvenor hakuridhika, akakata rufaa, na mwaka 1390 mfalme akamnyima hata hilo pindo, kwa hoja kwamba pindo hutosha kutofautisha jamaa wa ukoo mmoja, si watu baki. Basi akachukua mganda wa ngano wa dhahabu juu ya uwanja wa buluu. Wazawa wake, ambao leo ni Madaraka wa Westminster, hawakusahau. Mwaka 1880 farasi wa mmoja wao alishinda mbio za Derby, na jina alilopewa farasi huyo lilikuwa Bend Or, yaani ule ukanda wa dhahabu walionyang'anywa miaka mia tano kasoro kumi kabla yake.

Mtu wa zama hizi huweza kucheka. Lakini ngao ile ilikuwa uso wa mtu. Aliyevaa chapeo ya chuma hakuonekana macho wala ndevu. Aliyekuwa mbali alimtambua kwa rangi, na kwa rangi hizo akaamua amfuate au amwue. Ndiyo maana elimu ya nembo za ngao ikajiwekea kanuni ngumu kama za arudhi: dhahabu na fedha ni madini, nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau ni rangi, madini hayawekwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Kanuni hiyo ilisaidia macho, kwa kuwa njano juu ya nyeupe hupotea mbali kidogo tu na ilipo.

Deraya yenyewe ilikuwa na historia nyingine, ya unyonge zaidi. Chuma kilichong'arishwa kilimtaka mtu awe na watumishi wa kukisugua. Kikiachwa kwenye mvua kilishika kutu. Askari wa kawaida wa karne ya 16, khasa katika nchi za Wajerumani, walivaa deraya zilizopakwa rangi nyeusi, kwa sababu rangi ilikinga kutu na kupunguza kazi. Weusi unaopendwa leo kama alama ya utisho ulikuwa, kwa wengi wao, alama ya kukosa mtumishi. Matajiri walikuwa na njia zao: karakana ya Greenwich iliyoanzishwa na Mfalme Henry wa Nane ilitoa deraya za buluu ya moto na za rangi ya kutu nzuri, zilizotiwa michirizi ya dhahabu. Huko Japani, baada ya ukoo wa Takeda kuanguka mwaka 1582, Tokugawa Ieyasu aliwakabidhi askari wao waliosalia kwa Ii Naomasa, naye akarithi pamoja nao desturi ya deraya nyekundu. Jeshi lake lote likavaa wekundu tangu chapeo hadi miguuni. Askari wa Ii hakuulizwa kama anaupenda wekundu. Rangi ilikuwa ya bwana, mvaaji aliiazima kwa muda wa uhai wake.

Historia hiyo ndefu ndiyo iliyoingia, pasi na wengi kujua, katika michezo ya kinjozi ya kompyuta, ile ya mapanga, majoka na wachawi. Kijana anayekaa mbele ya kioo saa sita za usiku akijaribu kuamua iwapo mabega ya mhusika wake yawe mekundu au ya rangi ya majivu, hana habari za Scrope. Hata hivyo analiuliza swali lile lile lililomtoa Chaucer nyumbani: nani ana haki juu ya rangi ya mwenye kupigana?

Jibu la kwanza la michezo lilikuwa la kijeshi. Mchezo wa vita uliotungwa Prussia na Reisswitz baba na mwana, na kuchapishwa na mwana mwaka 1824 kwa ajili ya kuwafundisha maofisa, ulikuwa na vipande vya buluu na vipande vyekundu. Zaidi ya hapo hapakuwa na haja. H. G. Wells alipochapisha kitabu chake cha vita vidogo, Little Wars, mwaka 1913, alitumia askari wa sanamu waliokuja kutoka kiwandani wakiwa wamekwishapakwa rangi za vikosi vyao. Mchezaji alipewa amri juu ya jeshi, lakini sare hakuichagua yeye.

Mabadiliko yalikuja kutoka pande mbili, karibu kwa wakati mmoja. Upande mmoja ni Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Mchezo huo ulichezwa kwa kalamu, karatasi, kete na mdomo, na kwa hiyo rangi haikugharimu kitu. Mchezaji alisema tu kwamba upanga wake una mpini wa kijani, na tangu hapo mpini ukawa wa kijani. Ajabu ni kwamba waliobanwa na rangi walikuwa majoka. Tangu kitabu cha kwanza, joka jeupe lilitoa baridi, jekundu likatema moto, jeusi tindikali, na la dhahabu likawa na wema wake. Mwanadamu alijichagulia rangi, mnyama akazaliwa nayo kama tabia.

Upande wa pili ni Uingereza. Kampuni ya Citadel, iliyoanza mwaka 1979, iliuza vinyago vidogo vya madini visivyo na rangi, na mchezo wa Warhammer wa mwaka 1983, pamoja na ndugu yake wa mwaka 1987 uliohamishia vita mbinguni, ukawafanya maelfu ya watu wajifunze kushika brashi. Hapa uhuru ulikuwa na jasho. Mtu alinunua kinyago cha kijivu, akakipaka mwenyewe, usiku baada ya usiku, na mashindano mengi hayakumkubali aje na jeshi ambalo halijapakwa. Vitabu vya kampuni vilipendekeza rangi za vikosi maarufu, ila mtu aliyebuni kikosi chake na rangi zake hakuvunja sheria yoyote. Pakazuka na mzaha mmoja ambao wapenzi wa mchezo huo huupenda mpaka leo: taifa la majitu liitwalo Orks huamini kwamba gari likipakwa rangi nyekundu huenda kasi zaidi, na watunga kanuni, kwa ucheshi wao, wakaandika kwamba kweli huenda kasi zaidi. Ni nadra rangi kupewa nguvu kama hiyo waziwazi.

Kompyuta ilirudisha nyuma uhuru huo kwa miaka mingi, na sababu yake haikuwa itikadi, ilikuwa ufinyu. Mashine ya Nintendo ya miaka ya themanini iliruhusu kila kiumbe kidogo kiendacho kwenye kioo kiwe na rangi tatu tu, ukiacha ile ya uwazi. Picha haikuhifadhi rangi zenyewe bali namba: hapa moja, hapa mbili, hapa tatu, na orodha fupi iliyokaa pembeni ndiyo iliyosema moja ni rangi gani. Ukibadili orodha, picha ile ile inakuwa kiumbe kingine. Kwa hila hiyo adui mmoja aliyechorwa mara moja akawa maadui wawili. Katika The Legend of Zelda, ya mwaka 1986, mnyama mwekundu ni dhaifu na ndugu yake wa buluu ni mkali, na mchezaji hufunzwa na majeraha kusoma tofauti hiyo. Shujaa mwenyewe, Link, huanza na kanzu ya kijani. Akinunua pete ya buluu kwa vito 250 kanzu yake hubadilika na mapigo humwumiza nusu. Akiipata pete nyekundu katika pango la mwisho, humwumiza robo. Hapo rangi ilikuwa cheo, na cheo hakichaguliwi. Mchezo wa Gauntlet wa mwaka 1985, uliochezwa na watu wanne kwenye mashine moja, ulimpa mpiganaji wekundu, mwanamke wa upanga buluu, mchawi njano, na mwana wa msituni kijani. Mwaka uliofuata, toleo la pili liliruhusu kila mmoja achague mhusika amtakaye, hata wote wanne wakawa wachawi, lakini rangi ikabaki imefungwa na mahali mtu aliposimama mbele ya mashine. Aliyetaka kuwa mchawi mwekundu alipaswa kuwahi nafasi ya mwekundu.

Hila ile ya namba na orodha, iliyobuniwa kwa sababu ya umaskini wa mashine, ndiyo iliyokuja kuufungua mlango. Likishawezekana jambo la kubadili rangi ya kitu bila ya kukichora upya, linabaki swali moja tu: nani apewe hiyo orodha aishike mkononi?

Mnamo Septemba 1997 kampuni ya Origin ya Texas, chini ya Richard Garriott, ilifungua nchi ya Britannia katika mchezo wa Ultima Online, maelfu ya watu wakaingia humo kwa wakati mmoja kupitia simu za nyumbani. Miongoni mwa vitu vya kawaida kabisa vilivyouzwa katika maduka ya washona nguo wa nchi hiyo kulikuwa na beseni la kutilia rangi. Mtu alitia unga wa rangi ndani ya beseni, akachagua rangi aitakayo kutoka katika jedwali, kisha akaigusa kanzu, joho, au kilemba, na nguo ikabadilika. Hapana cheo kilichotakiwa wala joka la kuua kwanza. Maskini aliyeingia jana aliweza kuvaa zambarau, rangi ambayo katika Roma ya kale sheria iliikataza kwa raia.

Kwa hakika Britannia ilifaa kuitwa mji wa wafumaji kuliko wa mashujaa. Vyama vya wachezaji vikajipa sare. Ukimwona mtu ana joho la rangi fulani kwenye daraja unajua ni wa nani na kama una deni naye. Wako waliouacha upanga kabisa wakaishi kwa kushona, wakapata wateja na sifa. Ila beseni lile halikushika chuma. Deraya ya chuma ilipata rangi yake kutokana na udongo ilikotoka: mchimba madini mwenye ustadi mkubwa aliweza kuukuta mwamba wa shaba, wa dhahabu, wa chuma cha kivuli chenye weusi, wa verite wenye ukijani, na, adimu kuliko yote, wa valorite wenye ubuluu. Mhunzi alipofua deraya kwa madini hayo, rangi ikaingia katika chuma. Kwa hiyo mtu aliyevaa deraya nzima ya buluu alikuwa amevaa siku nyingi za kazi ya mtu mwingine, na kila aliyepita alijua. Nguo zilikuwa za kila mtu na chuma kilikuwa cha mwenye nacho. Wala watunzi wa mchezo huo hawakukosea kuziacha sheria mbili kinyume kukaa pamoja, kwani ndivyo zilivyokaa katika miji ya kweli.

Tena palikuwa na rangi ya tatu, ambayo hakuna beseni lililoifikia. Jina la kila mtu lilielea juu ya kichwa chake. La asiye na hatia lilikuwa la buluu. La mhalifu wa muda likawa kijivu. La muuaji aliyekwisha kuwaua wenzake mara tano likawa jekundu, na askari wa mjini walimwua mara wamwonapo. Muuaji aliweza kuvaa kanzu nyeupe kama sufii, lakini jina lake lilikuwa kama damu. Kilichokuwa hatarini hapo hakikuwa mchezo tu, kwa kuwa watu walipoteza mali walizozihangaikia kwa miezi, na wengine walijifunza kumtazama mtu juu ya kichwa kabla ya kumtazama usoni. Jamii ilijiwekea haki ya kumpaka mtu rangi moja bila ya ridhaa yake.

Guild Wars, mchezo uliotoka Aprili 2005, uliifanya rangi kuwa bidhaa ya sokoni. Chupa ndogo za rangi zilidondoka kwa maadui waliouawa, na katika kila mji mkubwa alikuwapo mfanyabiashara wa rangi, ambaye bei zake zilipanda na kushuka kwa kadiri watu walivyomwuzia na kumnunulia. Rangi ziliweza kuchanganywa kabla ya kumiminwa juu ya deraya, na wachezaji walibadilishana mapishi yake kama wanavyobadilishana wapishi. Chupa nyingi zilikuwa rahisi. Nyeusi ndiyo iliyokuwa adimu, na nyeupe ikaifuata. Msomaji atakumbuka wale askari wa Kijerumani waliopaka deraya zao weusi kwa kukosa mtumishi wa kuzisugua: baada ya karne nne na ushei, weusi huo huo ukawa ndio rangi ya matajiri.

Mrithi wake, Guild Wars 2 wa mwaka 2012, uliongeza rangi zikafika mamia, na kila moja ikawa na jina lake. Nyeusi kuliko nyeusi zote iliitwa kwa jina la shimo lisilo na mwisho, na nyeupe kuliko zote kwa jina la mbingu. Hapo mtu wa lugha husita kidogo. Kiswahili kina maneno machache ya rangi yaliyo ya asili yake, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Neno rangi lenyewe limetoka kwa Waajemi, na zilizobaki hutajwa kwa vitu: kijani kwa jani, manjano kwa mzizi wa jikoni, zambarau kwa tunda, rangi ya udongo, ya maji ya kunde, ya damu ya mzee. Watunga mchezo walipoishiwa na majina wakafanya vivyo hivyo, wakaenda kwenye vitu. Jedwali la rangi mia nne, katika lugha yoyote ile, huishia kuwa orodha ya matunda, vito, mawe na saa za mchana.

Mchezo uliokuwa mkubwa kuliko yote haukuwa na chupa wala beseni. World of Warcraft, ulioanza Novemba 2004, ulimwachia kila mtu nguo kama zilivyochorwa na wasanii wake, na uhuru pekee wa rangi ulikuwa katika kizibao cha chama, chenye nembo iliyobuniwa na wenyewe. Sababu moja ilikuwa ya ufundi: michoro ya mchezo huo ilipakwa kwa mkono, mwanga na kivuli vikiwa ndani ya picha, na kila rangi mpya ilikuwa kazi mpya ya msanii. Sababu nyingine ilikuwa ya maana. Deraya ilikuwa ushahidi. Mwenye seti fulani alikuwa ameingia pango fulani na wenzake na kumshinda bwana wa pango hilo. Mwenye umbo lile lile kwa rangi nyingine aliipata kwa kupigana na binadamu wenzake katika viwanja vya mashindano. Mwenye jicho alisoma wasifu wa mtu kabla ya kumsalimia.

Mfumo huo ulipata aibu mwaka 2007, mchezo ulipopanuliwa kwa nchi mpya. Zawadi za kazi za kwanza za nchi hiyo zilikuwa na nguvu kuliko deraya tukufu za zamani, na kila kipande kilitoka kwenye seti yake. Mashujaa waliokuwa wakitisha wakaanza kutembea na suruali ya zambarau, kifua cha kijani, bega moja lenye miiba ya chungwa na chapeo ya waridi, wakafanana na wachekeshaji wa sarakasi, na wenyewe wakajiita hivyo. Kuvivua hawakuweza, kwa sababu aliyevivua alikufa. Ni taswira ya kuchekesha, lakini ndani yake mna unyonge wa kweli: mtu amepewa nguvu kwa sharti la kudharaulika.

Tarehe 29 Novemba 2011 kampuni iliyoutengeneza, Blizzard, ililegeza kamba. Kwa malipo ya dhahabu ya mchezo, mtu aliweza kuipa deraya anayoivaa sura ya deraya nyingine aliyonayo, almuradi zote ni za aina moja. Kitambaa kisijifanye chuma. Pakatokea mabishano. Waliopinga hawakuwa wajinga: walisema kwamba sasa mtu ataweza kujificha nyuma ya sura ya kale, na macho hayatamjua adui yake. Waliokubali walikuwa wengi zaidi, na mapango yaliyokuwa yameachwa kwa miaka yakajaa tena watu waliokwenda kutafuta kanzu. Mwaka 2016 sura zote alizowahi kuzipata mtu zikawekwa katika kabati moja la kudumu. Hata hivyo jambo moja halikubadilika: aliyetaka rangi alipaswa kuitafuta deraya iliyochorwa kwa rangi hiyo. Kuchagua kuliruhusiwa, kupaka hakukuruhusiwa.

Na mahakama ilirudi. Mwaka 2004 mchezo uitwao City of Heroes ulitoka Marekani. Haukuwa wa majoka, ulikuwa wa mashujaa wa vitabu vya katuni, ila katika suala la mavazi hapakuwa na uliouzidi: kabla ya kurusha ngumi moja, mchezaji alikaa katika chumba cha mavazi akajitengenezea joho, glavu, viatu, barakoa na deraya, kila kipande kwa rangi mbili azitakazo. Novemba ya mwaka huo kampuni ya Marvel ikawashtaki Cryptic waliouunda na NCsoft walioutoa. Hoja yao ilikuwa kwamba chombo hicho kilimwezesha mtu yeyote kutengeneza jitu la kijani lenye suruali iliyochanika, au mtu wa makucha mwenye vazi la njano, na wahusika hao wana wenyewe. Scrope angeifahamu lugha hiyo mara moja. Tofauti ni kwamba Grosvenor alikuwa mtu mmoja na wachezaji walikuwa wengi mno, kwa hiyo aliyeshtakiwa ni mwenye beseni, si aliyechovya nguo. Katika shauri hilo kukatokea jambo la fedheha: baadhi ya picha zilizopelekwa kama ushahidi zilibainika kuwa wahusika waliotengenezwa na watu wa upande wa mlalamikaji wenyewe, na mwezi wa Machi 2005 hakimu akaziondoa na kutupilia mbali baadhi ya madai. Desemba 2005 pande mbili zikapatana kwa masharti yasiyotangazwa. Chumba cha mavazi kikabaki kama kilivyokuwa.

Hatari kubwa zaidi kwa uhuru huo haikutoka mahakamani, ilitoka kwenye daftari la mauzo. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50. Dunia ya michezo ikacheka kwa miezi, na deraya ile ikawa kitendawili cha upuuzi. Kicheko hakikuzuia kitu. Katika miaka iliyofuata kampuni baada ya kampuni iligundua kwamba mtu atalipa kwa sura hata pale sura isipomwongezea nguvu, na mchezo huo huo ulipotolewa upya Aprili 2025, toleo lake la bei ya juu lilikuja na deraya mpya za farasi.

Kisa cha Destiny kinaonesha jambo hilo lilivyoweza kwenda. Katika mchezo wa kwanza, wa mwaka 2014, rangi ikishapatikana ilikuwa yako, ukaivaa na kuivua upendavyo. Destiny 2 ulipotoka Septemba 2017, rangi ikawa ya kutumika mara moja: ukiipaka kwenye kipande kimoja imekwisha, na ukibadili nia imepotea. Rangi hizo zilikuwamo pia ndani ya vifurushi vya bahati nasibu vilivyoweza kununuliwa kwa fedha za kweli. Ghadhabu ilizuka katika siku za mwanzo kabisa, na inafaa kuuliza kwa nini, kwa kuwa hakuna aliyenyang'anywa nguvu, ushindi, wala rafiki. Alinyang'anywa haki ya kujaribu. Mtu aliyepewa rangi moja tu ya kutumia mara moja haipaki. Huiweka akiba, kama mtu awekaye nguo ya harusi sandukuni mpaka ikaliwa na nondo. Wachezaji wengi walijaza makasha kwa rangi wasizothubutu kuzitumia. Ilichukua hadi Februari 2021 watunzi kuzirudisha katika hali ya kudumu.

City of Heroes ulifungwa tarehe 30 Novemba 2012. Wachezaji walikusanyika usiku huo katika viwanja vya mji wao wa kubuni, kila mmoja na vazi lake, wakasubiri mpaka mtambo ukazimwa. Ila mchezo huo ulikuwa umewawezesha kuhifadhi mavazi yao katika faili ndogo zilizokaa kwenye kompyuta zao wenyewe: namba za joho, namba za glavu, namba za rangi mbili za kila kipande. Mwaka 2019 kundi la wapenzi wa mchezo liitwalo Homecoming liliufungua tena bila ya idhini, na Januari 2024 NCsoft ikawapa leseni rasmi. Wengine walirudi na faili zao za zamani.